Njia ya Chooni

Kutoka kitandani kwa mama hadi mlango wa choo zilikuwa hatua 42. Nilizihesabu siku ya pili baada ya yeye kuanguka, nikiwa na hasira nisiyojua nimpelekee nani. Hatua 6 za chumbani mpaka kizingitini, 11 za uani mpaka kwenye jiwe la kufulia, kisha 25 za mteremko katikati ya migomba. Mama alianguka kwenye hizo za mwisho, usiku wa Februari 1999, mvua imepiga tangu jioni na udongo mwekundu wa kijijini kwetu Kalenga umekuwa kama sabuni iliyolowa. Kibatari kilimzimikia mkononi. Tulimkuta jogoo wa kwanza amewika, amekumbatia mgomba, kanga imemganda mwilini, na neno la kwanza alilotuambia ni kwamba tusiwaambie majirani.

Mahali pa choo kile nilipachagua mimi.

Mwaka 1973 nilikuwa na miaka 22. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, naweza kusoma kwa sauti bila kugugumia, na hayo yakatosha kunifanya kiongozi wa kikundi cha Mtu ni Afya. Vijana wa leo ukiwatajia jina hilo wanadhani ni duka la dawa. Ilikuwa kampeni ya redio ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kabla yake kulikuwa na Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, uliokuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na Wakati wa Furaha mwaka 1971, taifa lilipotimiza miaka 10 ya uhuru. Lakini Mtu ni Afya ndiyo iliyoingia mpaka uani kwa watu. Kwa wiki 12, watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, kiongozi akasoma sura ya kitabu, wakabishana, kisha wakainuka kufanya jambo. Kufanya jambo ndiyo ilikuwa siri yake. Ukisikiliza habari za malaria, unatoka hapo unafyeka majani na kufukia madimbwi. Ukisikiliza habari za kuhara na minyoo, unachukua sururu.

Kikundi chetu kilikaa chini ya mkuyu karibu na Ruaha Mdogo, watu 17, redio moja yenye kifuko cha ngozi, na betri tulizozianika juani zikianza kuchoka. Tulichimba vyoo 9 msimu ule. Mimi, kwa ujuaji wa mtu wa miaka 22, nilitaka cha kwetu kiwe mfano kwa wote, na nilivyoelewa mimi, choo cha mfano kinakaa mbali: mbali na kisima, mbali na jiko, mbali na pua za wageni. Nikampeleka baba mpaka chini kabisa ya migomba. Shimo lilipojaa baada ya miaka tulichimba jingine pembeni yake, na la tatu pembeni ya hilo, kwa sababu njia ilikuwa imeshakanyagwa na hakuna aliyeona haja ya kuihamisha.

Kuna jambo jingine nililolifanya mwaka ule ambalo sikulisimulia kwa muda mrefu. Nyumba nyingi za wazee zilikuwa na chungu cha usiku. Kilikuwa chungu kikuukuu, aghalabu kilichomeguka mdomo na hakifai tena kupikia, kimewekwa pembeni ya kitanda cha mzee kwa ajili ya haja ndogo. Mjukuu alikimwaga alfajiri. Bibi yangu mzaa mama alikuwa nacho, na aliniambia bibi yake naye alikuwa nacho, enzi za nyumba za tembe, zile ndefu zenye paa bapa la udongo ambazo Wahehe walikuwa wakijenga kabla ya mabati. Usiku mlango wa tembe ulifungwa kwa gogo, kwa ajili ya fisi na kwa ajili ya adui, na mzee hakutoka nje mpaka kupambazuke. Mimi nikaja na kitabu changu. Nikawaambia kikundi kwamba chungu ndani ya nyumba ni uchafu, choo ndicho ustaarabu, na tuanze kwetu. Nilikitoa cha bibi kwa mkono wangu nikakivunja nyuma ya nyumba. Kikundi kikapiga makofi. Bibi hakusema kitu. Alikuwa na adabu ya watu wa zamani, hawambishii mwalimu mbele ya watu hata kama mwalimu huyo walimnawisha mavi.

Sisemi kampeni ilikosea. Watoto walikuwa wanakufa kwa kuhara na ilikuwa kazi yetu kuwaokoa, na vyoo vilisaidia. Ila vitabu vile viliandikiwa nchi ambayo mtu hakutarajiwa kufika mbali. Wakati wa uhuru wastani wa umri wa kuishi ulikuwa chini ya miaka 50. Mzee wa miaka 80 alikuwa mmojammoja, mtu wa kuonyeshwa wageni. Katika vikundi vyetu hakuna aliyewahi kuuliza mzee huyo atafikaje chooni saa nane za usiku, na mimi kiongozi sikuuliza.

Mwaka uleule wa 1973, Novemba, Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na jambo hilo likamilike kabla ya mwisho wa 1976. Kalenga palikuwa na watu tangu zamani za Chifu Mkwawa, kwa hiyo sisi hatukung'olewa sana. Lakini shangazi yangu aliletwa kutoka huko vilimani alikokuwa akiishi peke yake na mashamba yake. Alipewa kiwanja kwenye mstari, nyumba ya pili kutoka barabarani. Shangazi alikuwa haoni vizuri, mtoto wa jicho alikuwa ameshaanza kumtanda, na kule kwake hilo halikumsumbua, maana alijua kila jiwe kwa unyayo. Alijua panapoteleza, panapohitaji kuinama, na tawi la kushika. Hapa alikuwa mgeni wa kila kitu. Mwaka wa kwanza pekee alianguka mara nne. Watu wakasema amelogwa na waliobaki kule. Mwingine akasema ni presha. Mimi nilisema ni uzee, nikarudi kwenye shughuli zangu. Lakini miguu yake ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni njia.

Na mkono pia ulibadilika. Zamani mzee alilala chumba kimoja na mjukuu, na mjukuu huyo ndiye alikuwa macho yake ya usiku. Nami nililelewa hivyo. Kuanzia miaka sita mpaka kumi na moja nililala na bibi, na akitaka kutoka alinigusa kwa kidole cha mguu, basi. Nilimshika kiwiko, si kiganja; alinifundisha mwenyewe kwamba ukimshika mzee kiganja, akiteleza mnaanguka wote wawili. Sikujua kuwa hilo lilikuwa somo. Baadaye ikaja elimu ya msingi kwa wote, kufuatia Azimio la Musoma la 1974, na baadaye shule za sekondari za bweni, na baadaye Mafinga kwenye mbao, Makambako kwenye biashara, Dar es Salaam kwenye kila kitu. Mjukuu akapata alichostahili kupata. Kiwiko cha mzee kikabaki hakina wa kukishika.

Ukabaki mkongojo. Nao una historia yake, ingawa makumbusho yetu haina sehemu yake. Makumbusho ya Kalenga ina fuvu la Mkwawa ndani ya kioo, lile alilolirudisha Gavana Edward Twining tarehe 19 Juni 1954 na kumkabidhi Chifu Adam Sapi. Nilikuwepo, nikiwa na miaka mitatu, mgongoni kwa mama. Bibi yangu alikuwepo pia, na kila alipoisimulia siku ile hakuanza na fuvu wala gavana. Alianza na miguu: jinsi wazee walivyosimama tangu asubuhi wakiegemea mikongojo yao, na kila mmoja akimwangalia mwenzake nani ataomba kukaa kwanza. Hakuna aliyeomba. Hapo ndipo nilipoelewa mkongojo kwa watu wetu ni nini. Mzee alikuwa anaubeba hata kabla hajauhitaji. Ulikuwa cheo. Alinyooshea watoto, alipigia mstari chini akihukumu kesi ya mpaka, aliutundika mlangoni kuonyesha yupo. Siku magoti yalipomsaliti, mkononi tayari alikuwa na kitu cha kumshika, na hakuna aliyejua ni siku gani hasa alianza kuutegemea. Heshima yake haikuguswa.

Siku hizi mzee anaukataa mkongojo mpaka aanguke. Anasema akiushika watu watamwona mzee. Anao umri wa miaka 78.

Ninao mmoja ambao naweza kuueleza kwa macho yaliyofumba. Ulikuwa wa baba. Ni wa mpera, mti usiokatika kwa urahisi, na umekatwa ukiwa mbichi ukakaushwa juu ya moshi wa jiko, kwa hiyo una rangi ya chai ya rangi. Shikio lake ni kifundo cha asili, mahali tawi lilipogawanyika, na pamelainishwa na kiganja chake kwa miaka 20 mpaka panang'aa. Chini, baba alifunga kipande cha mpira wa tairi la baiskeli kwa waya. Kipande hicho alikibadilisha kila msimu wa mvua kabla haujaanza, kama watu wanavyobadilisha mabati yaliyotoboka. Fimbo isiyo na mpira, alisema, ni mguu usio na kidole. Urefu wake unafika kwenye kifundo cha mkono akisimama wima ameachia mikono. Nimekuja kukisoma kipimo hichohicho kwenye karatasi za wataalamu. Baba hakuwa amesoma karatasi yoyote. Mama hakuuchukua mkongojo ule usiku wa Februari, kwa sababu ulikuwa wa marehemu mumewe na aliona si vizuri kuutembeza chooni.

Nyonga ya mama ilikuwa imevunjika. Hospitali tuliyompeleka siitaji, maana waliokuwa zamu siku ile walikuwa wachache na wamechoka. Walipiga picha, wakatupa dawa za maumivu, na wakatuambia apumzike. Tukamrudisha, tukampumzisha. Tulikuwa hodari wa kumpumzisha: hakuinua kikombe. Dada zangu walimgeuza asubuhi na jioni. Hakuna aliyetuambia kwamba nyonga ambayo haikuungwa kwa upasuaji humfunga mzee kitandani, na kwamba kitanda ndicho kinachoua, kwa vidonda vya kulalia, kwa nimonia, kwa damu inayoganda miguuni. Mama alipumzika kama alivyoagizwa mpaka Agosti, akafa.

Miaka kadhaa baadaye mpwa wangu aliyesomea fiziotherapia KCMC, Moshi, alikuja likizo. Nilimsimulia mambo ya bibi yake, hatua 42 na yote. Alinisikiliza, halafu akaniuliza swali lililoniudhi: "Mama mkubwa, kabla hajaanguka, aliweza kuinuka kwenye kiti bila kushika?" Nikafikiri. Hakuweza. Alikuwa na mwaka mzima anajivuta kwa mikono, na sisi tulikuwa tunamsogezea kiti kirefu zaidi. Mpwa akasema hapo ndipo alipoanza kuanguka, mwaka mmoja kabla ya usiku wenyewe.

Yeye ndiye aliyenieleza habari za New Zealand. Huko Dunedin, Chuo Kikuu cha Otago, katika miaka ya 1990 watafiti walichukua wanawake wa miaka 80 na kuendelea, wakawatumia mtaalamu nyumbani kuwafundisha mazoezi machache: kuinuka na kukaa, kusimama kwa mguu mmoja, kutembea kisigino kwa kidole, kuinua mguu uliofungwa kizito. Matokeo yao yalipojumlishwa na ya majaribio yaliyofuata, ilionekana kuanguka kulipungua kwa karibu theluthi. Nilimwuliza hicho kizito ni mashine gani. Akacheka, akachukua soksi ya shule ya mwanangu, akaijaza mchanga wa mtoni na kuifunga fundo.

Nikaanza na wanawake wanne, kila Alhamisi baada ya soko, uani kwangu. Sasa wako wengi, nao wanakuja na hoja zao. Kubwa kuliko zote ilikuwa aibu. Kwa sisi tuliosoma shule za zamani, mazoezi ya viungo ni mchakamchaka: alfajiri, baridi ya Iringa inauma masikio, mnakimbia kwa mstari mkiimba, mwalimu nyuma na fimbo. Ni kitu cha watoto. Bibi mwenye vitukuu kurusha mguu hadharani ni kichekesho. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, nikitaka kucheza nitangoja harusi." Nikamjibu basi tucheze harusi. Tukaacha kuyaita mazoezi. Kuinuka na kukaa tukakuita kuchutama shambani, kitu ambacho kila mmoja wao alikifanya mara mia kwa siku alipokuwa na miaka 40, akipalilia vitunguu au kuchuma nyanya. Ukiwaambia "inuka kwenye kiti mara 10" wanalalamika magoti. Ukiwaambia "chuma nyanya za tuta hili lote" wanashindana.

Ila kinachopendwa zaidi ni majivu. Nachota majivu ya jikoni kwenye kopo la maziwa lililotobolewa chini, nachora mstari mmoja mrefu uani, kutoka ukuta wa jiko mpaka kwenye mpapai. Kila mmoja anautembea, kisigino mbele ya vidole, macho mbele, mkono mmoja karibu na kamba ya kuanikia nguo lakini haushiki mpaka lazima. Ukimaliza tunatazama mstari. Aliyekwenda vizuri ameacha nyayo zilizopandana juu ya jivu jeupe kama mshono wa cherehani. Aliyeyumba, jivu limetawanyika pembeni, na kila mtu anaona ni hatua ya ngapi. Hapo maneno ya wanawake wa Kalenga yanaanza, na nisingependa kuyaandika yote. Siku moja watalii walitoka makumbusho, mwongozaji akiwa bado anawaeleza jinsi Kalenga ilivyoanguka tarehe 30 Oktoba 1894, ngome ya Lipuli ikibomolewa kwa mizinga ya Wajerumani. Bibi mmoja aliyekuwa katikati ya mstari, mikono imetanda kama korongo, akasema kwa sauti: "Kalenga ilianguka mara moja tu. Mimi mwaka huu ni mara ya tatu."

Wanaume ni kazi ngumu zaidi. Wanakuja msimu wa kiangazi, lakini mvua zikianza ulanzi nao unaanza kutiririka kwenye mianzi, na mzee aliyetoka kilabuni jioni, kwenye udongo uleule ulioniulia mama, hahitaji mchawi wa kumwangusha. Nimewaambia wanywe wakiwa wamekaa na warudi kabla ya giza. La pili wanalikubali. Pia nimewafundisha kuinuka kitandani kwa vituo, hasa wanaomeza dawa za presha: kaa kwanza, hesabu mpaka 20, ndipo usimame. Mmoja akaniambia yeye huhesabu kwa Kihehe, inachukua muda mrefu zaidi. Nikamwambia vizuri sana.

Nchi nayo imezeeka kidogo. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilitamka kuwa mzee ni wa miaka 60 na kuendelea, na sensa ya 2022 ikawakuta watu wa umri huo ni kama 6 katika kila 100. Tunalo dirisha letu hospitalini na bango la kutaka tupishwe. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, wengi wao katika nchi kama yetu, na waliozidi miaka 60 ndio hasa. Hili nililisoma kwa sauti Alhamisi moja. Walisikiliza kwa adabu, kama bibi alivyonisikiliza mwaka 1973, nikaona haya, nikakunja karatasi, nikaenda kuchukua kopo la majivu.

Mimi sasa nina chungu changu. Ni ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa buluu, hatua 2 kutoka kitandani, na pembeni yake mkongojo wa baba wenye mpira mpya. Mwezi uliopita bwana afya alipita kukagua vyoo, kijana mwenye daftari na heshima zake. Tukasalimiana, kamwene kwa kamwene, akaingia. Choo alikisifu: sakafu ya saruji, mlango, maji ya kunawa. Halafu akachungulia chumbani, akaiona ndoo.

"Mwalimu," akasema, "hata wewe?"

Nikampa mkongojo. Nikamwambia asimame pale kitandani, afumbe macho, asiyafumbue, aende chooni. Alicheka, akafumba. Alivuka kizingiti vizuri. Alipofika kwenye jiwe la kufulia akasimama, mkono mmoja hewani, akaniita nije nimshike.

Nilimshika kiwiko.